Siku Niliyopika Embile

Mimi Magdalena sipendi unafiki, kwa hiyo naanza na ubaya wangu mwenyewe. Kokushubila nilimwonea wivu. Siyo ule wivu mdogo wa kanisani, wa kumwambia mwenzako "umependeza" huku roho inakuuma kidogo halafu mnaimba, basi yameisha. Wangu ulikuwa unaamka na mimi asubuhi, unapiga mswaki na mimi, unanifuata shambani mpaka chini ya mgomba. Mume wangu Rutashobya, mwalimu mstaafu, mtu asiyependa maneno, siku moja alishindwa kuvumilia. "Magdalena," alisema, "huyo mwanamke umeshamleta mpaka mezani kwetu. Kila ukifungua mdomo ni Kokushubila." Nikamnunia siku mbili. Lakini alisema kweli.

Jiko lilikuwa langu. Sikulirithi, nililianzisha. Usharika wetu wa Kilutheri hapa Ijuganyondo kila Jumamosi unawapikia watu ambao hawana chakula wala pa kulala. Wengi wanalala kwenye vibaraza vya maduka kule mjini Bukoba, karibu na soko na stendi, wanapanda huku kwa miguu, na ikifika saa sita wamekaa kwenye nyasi za uwanja wa kanisa. Wengine ni wajane na wazee wa jirani ambao watoto wao wamewasahau. Tulipoanza nilikuwa na sufuria mbili, moja nilipewa siku ya harusi yangu. Miaka tisa nilisimama kwenye moshi ule. Ufunguo wa stoo nilikuwa naufunga kwenye pindo la kanga, na watu walikuwa wakiambiana stendi, "Twende kwa Ma Magdalena." Niseme ukweli, jina hilo lilikuwa linanishibisha kuliko chakula chenyewe.

Kokushubila alikuja siku ya mvua, kwenye foleni, kama wengine. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, gauni limeloa. Akala. Wenzake walipoondoka yeye akaja pale tulipokuwa tunamenya ndizi za wale waliochelewa, akachuchumaa, akatoa kisu chake kwenye kitambaa, akachukua ndizi bila kuulizwa. Jamani, kumenya kule! Ndizi ilitoka nyeupe, haina hata kovu la kijani, na alikuwa ameshafika ya nne kabla mimi sijamaliza yangu. Wanawake wenzangu wakaacha kazi wakabaki kumtazama. Hapo ndipo kidonda changu kilipoanzia.

Habari zake alitusimulia huku anamenya, kidogo kidogo, Jumamosi moja hadi nyingine. Alizaliwa Muleba na aliolewa hukohuko Muleba, kwa mkulima wa kahawa na migomba. Mungu hakuwapa mtoto. Mume alipofariki, ukoo ulikaa kikao, shemeji yake Clavery akasimama akasema kibanja ni cha ukoo na mwanamke asiye na mtoto ni mgeni. Miaka ishirini na sita amepalilia ile migomba, ameweka samadi kwa mikono yake, halafu eti mgeni! Alipewa muda wa kumaliza matanga. Akatoka na blanketi na kile kisu. Bukoba alipata kazi ya kupika kwenye mgahawa, mgahawa ukafungwa, akaishia kibarazani kwa duka moja karibu na stendi. Alilala pale miezi minne.

Nilimhurumia. Naapa nilimhurumia. Huruma yangu ilidumu wiki tatu.

Wiki ya nne alinijia na jambo la akamwani. Kwetu mgeni akiingia nyumbani, kabla hata ya kumuuliza habari za alikotoka, unamletea akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kakapu kadogo. Mwenye nyumba anaanza kutafuna yeye, kisha anampa mgeni. Hapo mgeni anajua amefika. Kokushubila akaniambia kwa adabu kabisa, "Ma Magdalena, hawa watu tunawapa chakula, lakini akamwani hatuwapi. Wao si wageni wetu?" Miaka tisa wazo hilo halijanijia! Nikasema, "Fanya unavyotaka," nikijua punje zitaliwa, foleni itachelewa, atachekwa.

Hakuchekwa. Alipita kwenye nyasi na kakapu kake, anatafuna punje moja, anampa mtu, anamuuliza jina, anauliza kwao ni wapi, anasogea kwa mwingine. Alipofika kwa mzee Kahigi, yule mzee alikaa na punje mkononi muda mrefu. Kahigi alikuwa amekula kwangu miaka mitano na sikuwahi kusikia sauti yake zaidi ya "asante". Siku ile akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa na shamba la mibuni Nyanga, na mkewe, na mbwa, watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilikuwa kwenye sufuria, nina mwiko mkononi, natamani kile kikapu kimwanguke.

Baada ya hapo ilikuwa ni yeye tu. Watu wanakuja saa nne badala ya saa sita, ili wapate maongezi. Anajua nani ana vidonda vya tumbo asiwekewe pilipili. Anajua nani amefiwa. Stendi wakaanza kuambiana, "Twende kwa Koku." Kwa Koku! Na sufuria ni zangu! Hata Rutashobya, mume wangu wa ndoa, alikuja Jumamosi moja akala, akaongeza, akafuta mdomo, akasema, "Leo mmepika." Leo tumepika. Na hiyo miaka tisa tulikuwa tunachemsha nini, kuni?

Sasa ndipo lilipokuja suala la chumba.

Nyuma ya jiko kuna kachumba ambako zamani alikuwa analala mlinzi. Mchungaji wetu, Lwakatare, alitangaza kwamba kamati imeamua jiko liwe linafunguliwa na Jumatano pia, na kwamba kale kachumba katawekwa bati jipya na sakafu, akae mtunza jiko. Mtunza jiko atashika ufunguo. Na atachaguliwa kutoka kwa wale wasio na nyumba, ili jiko lenyewe limpe mtu makazi. Hakutaja jina. Lakini kanisa zima liligeuza shingo kumtazama Kokushubila, na yeye akainamisha uso.

Wakati huo alikuwa amehifadhiwa na Asha, binti wa Ujiji anayeuza dagaa sokoni, ambaye siku za Jumamosi hutusaidia kuchota maji. Asha ni Mwislamu lakini roho yake haina ukuta. Alimpa Kokushubila kona ya chumba chake. Sasa mwenye nyumba alikuwa amesema chumba kimoja mtu mmoja, mwisho wa mwezi mgeni atoke. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu: Kokushubila akipata kale kachumba, ana kwake. Akikakosa, anarudi kibarazani stendi. Nilijua hilo. Mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Kwenye kamati nilinyoosha mkono. "Mchungaji, mimi sina neno na mtu," nilisema. "Ila kanuni ni kanuni. Huyu mama ni msharika wa wapi? Cheti chake cha uhamisho kiko wapi? Tumpe ufunguo wa kanisa mtu ambaye usharika wake wa zamani haujamwandikia hata mstari?"

Wakaguna, lakini kanuni kweli ipo. Mchungaji akasema basi akalete cheti kutoka Muleba, na kamati itakaa Jumamosi mara baada ya chakula na kuamua. Kokushubila aliposikia alibadilika uso. Kule Muleba hakuwa amekanyaga tangu afukuzwe, na Clavery aliapa kwamba akimwona tena atamwonyesha. Ofisi ya ule usharika ilikuwa inafunguliwa Ijumaa mchana. Ina maana alale hukohuko, arudi Jumamosi, na mabasi yale unayajua wewe. Nilipiga hesabu zangu: Jumamosi ya uamuzi, jiko litakuwa mikononi mwangu peke yangu. Kamati itakula, itaona kwamba jiko lina mwenyewe, na mtunza jiko hahitajiki.

Ijumaa asubuhi alinikuta mlangoni kwa stoo, amejifunga kitenge, mkoba begani. "Ma Magdalena," akasema, "Mwijage wa Nyanga ameleta magunia ya ndizi. Yale ya kushoto..."

"Nenda, basi litakuacha."

"Naenda, mama, lakini yale magunia ya kushoto..."

"Ala! Miaka tisa natunza hili jiko, leo unifundishe kushoto na kulia? Nenda!"

Akanitazama, akafumba mdomo, akaenda.

Jumamosi niliamka na roho nyepesi kama mtu wa arusi. Wanawake wenzangu niliwaambia wasije mapema, waje saa nne. Nilitaka waje wakute kazi imekwisha, waseme, "Mae, Ma Magdalena ni kiboko." Tena nilikuwa nimefunga. Nilimwahidi Mungu sitaonja chochote mpaka kamati ikae, ili anipe ushindi. Mungu gani anasikiliza maombi ya namna hiyo, sijui, lakini nilifunga.

Stoo yetu haina dirisha na umeme ulikuwa umekatika. Nikavuta magunia yaliyokuwa karibu na mlango, upande wa kushoto. Ndizi zilikuwa zimeshakatwa kwenye mikungu, ziko chane chane. Nikakaa jikoni nikamenya magunia mawili peke yangu. Asha alikuwa anachota maji, na Asha na ndizi hawajuani, kwao ni mawese na muhogo. Mikono yangu ilikuwa inamenya lakini akili ilikuwa Muleba. Namwona Clavery anamfukuza Kokushubila barabarani, naona haya, nafuta. Halafu naivuta tena ile picha, naitazama vizuri. Utomvu ulikuwa mwingi, unanata kwenye vidole, kisu kinakwama. Nikasema kwa sauti, "Hiki kisu ni butu." Asha akasema, "Nikunolee, mama?" Nikamwambia aendelee na maji yake.

Nikachanganya na maharage, vitunguu, nyanya, mafuta ya kutosha. Nikafunika kwa majani ya mgomba. Kwa macho kilikuwa chakula kizuri.

Saa saba watu zaidi ya themanini walikuwa kwenye nyasi. Akamwani sikugawa, nilisema muda hautoshi. Kanuni ya Mchungaji Lwakatare ni kwamba kamati haili pembeni, inapanga foleni na wageni na kula chakula kilekile. Nikawapakulia mmoja mmoja, nimejifunga kilemba kipya. Mchungaji akakaa kwenye ngazi ya ukumbi, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Karibu yake Ma Joyness, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye ulimi wake unaogopwa mpaka jimboni, akatema kwenye jani.

"Yesu wangu," akasema. "Ni embile!"

Kwa asiye wa huku: tuna ndizi za kupika, ebitoke, na tuna embile, ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu. Zikiwa mbichi ukiziona kwa mbali zinafanana, na ukizipika ni chungu, zinakaza ulimi kama umelamba gome la mti. Hakuna Mhaya anayepika embile. Hata mtoto wa miaka saba akitumwa kukata mkungu, anajua upi wa kupika na upi wa babu. Niliivunja funga yangu palepale, nikaonja. Ulimi ukakunjika.

Nikatazama kule kwenye nyasi. Walikuwa wanakula. Wote. Hakuna aliyeacha, hakuna aliyetema. Mzee Kahigi alikuwa amemaliza, anafuta sahani kwa kidole. Akaja mpaka nilipo, akanirudishia sahani kwa mikono miwili. "Wakola, waitu," akasema, asante sana. Kisha akainama aniambie wengine wasisikie, "Leo ni chungu kidogo, mama. Hukulala vizuri?"

Hapo ningesema. Neno moja lilikuwa linatosha: nimekosea, nisameheni. Lakini kamati ilikuwa inasubiri kwenye ukumbi, na chumba kilikuwa kinasubiri, na mimi nilikuwa nimeshiba wivu kuliko wote pale.

Kwenye kikao Mchungaji aliuliza imekuwaje. Nikasema, "Muulizeni Kokushubila. Siku hizi anayepokea ndizi ni yeye, anayezipanga stoo ni yeye. Mimi nimepika nilichokuta." Nikaongeza, Mungu anisamehe, "Huenda alikuwa na mpango wake wa kukamua pombe."

Vichwa vikaanza kutikisika. Mzee mmoja akasema, kwa kweli, mtu asiyejua kutenga ndizi tutamwachiaje jiko? Mwingine akasema kuhusu pombe tuwe waangalifu. Mchungaji akashika paji la uso. Nikasikia utamu mwilini, niseme tu, utamu hasa, kama kikombe cha chai ya kwanza asubuhi. Chumba kilikuwa kinamtoka na mimi nilikuwa nakiona kinavyomtoka.

Ndipo akaingia. Alikuwa ametembea kutoka barabarani, miguu imejaa vumbi jekundu, mkononi bahasha ya kaki. Alipiga goti kusalimia, akamkabidhi Mchungaji cheti. Kilikuwa na muhuri na sahihi, hakina dosari. Mchungaji akamweleza habari ya embile, na kwamba wanasema ni uzembe wake. Hakusema nani anasema, lakini Kokushubila si mtoto.

"Embile niliomba mimi," akajibu. "Nilimwomba Mwijage aniletee, niziivishe niwakamulie watoto wa wageni wetu juisi ya Jumatano. Nikazitenga upande wa kushoto, juu ya majani makavu. Za kupika ziko kulia, zimefunikwa majani mabichi. Mpaka sasa ziko pale." Kisha akaongeza, "Mchungaji, mimi nimefukuzwa kwenye kibanja kimoja kwa uongo. Naomba nisifukuzwe mara ya pili."

Asha akatumwa stoo. Akarudi akasema ndiyo, kulia kuna magunia yamefunikwa majani mabichi.

Ma Joyness akanigeukia. Alikuwa hana haraka. "Magdalena, nani amemenya?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Peke yangu." Tangu asubuhi nilikuwa nimejisifia hivyo kwa kila aliyefika, ningekataaje?

"Magunia mawili?" akasema. "Kisu mkononi, utomvu kwenye vidole, umemenya magunia mawili ya embile, na hukujua? Mhaya gani huyo? Wewe ulilelewa kwenye migomba au kwenye meli?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wa pili. Wanawake waliokuwa dirishani wakadaka, nikawasikia wanapeleka nje: Ma Magdalena hajui embile! Ma Magdalena hajui embile! Kicheko kikatembea mpaka kwenye nyasi.

Hapa mnielewe, na msiponielewa shauri yenu. Mwanamke wa kwetu atasamehewa mengi. Akiwa mchoyo, akiwa na mdomo, akigombana na wakwe, watu watasema ndivyo alivyo. Lakini kutojua ndizi? Hilo unazikwa nalo. Miaka sitini kasoro niko kwenye migomba, nimepika kwenye harusi, nimepika kwenye misiba ya watu wakubwa, leo nichekwe na Ma Joyness kwamba sijui embile!

"Nilijua!" nikapiga kelele.

Nikasimama.

"Nilijua ni embile. Nimezipika makusudi. Nilitaka Kokushubila aonekane hafai, asipewe chumba. Basi!"

Si kweli, sikujua. Lakini liliponitoka mdomoni nilijisikia nafuu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mchungaji alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Kokushubila alifungua mdomo aseme kitu, nikamkazia macho, akaufunga.

Mlangoni palikuwa na mzee Kahigi. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa ameshika sahani ya pili, maana waliruhusiwa kuongeza. "Ulijua," akasema, "ukatupa?"

Hakupaza sauti. Akainama, akaiweka ile sahani kizingitini, na chakula chake, akaondoka. Waliokuwa nyuma yake wakaweka za kwao juu ya ngazi, moja moja. Watu waliokuwa wamekula uchungu wote ule bila kukunja uso wakidhani nimekosea, sasa waliuacha.

Kamati haikuchukua dakika tano: chumba na ufunguo kwa Kokushubila, mimi nikae mbali na jiko. Niliufungua ufunguo kwenye pindo la kanga kwa mikono yangu mwenyewe. Fundo lilikuwa limekaza, nikatumia meno.

Jumatatu yake mchana Kokushubila akaja nyumbani kwangu. Rutashobya akamletea akamwani kama mgeni, akatafuna, wakaulizana habari. Mume wangu alipotoka kwenda kuwaangalia mbuzi, yule mwanamke akaniambia, "Ma Magdalena, hukujua."

"Nilijua."

"Maganda nimeyakuta shimoni. Umemenya safi, hata ncha umezikata. Mtu anayetaka kuwalisha watu uchungu hajisumbui hivyo. Na Ijumaa hukunipa nafasi nimalize kusema." Akavuta pumzi. "Nataka niende kwa Mchungaji, kisha niende kwa mzee Kahigi, nikawaambie hukujua. Mzee anaumia sana. Amesema Jumamosi haji tena kula, na zaidi ya hapo hataki kuniambia kitu."

"Ukisema hata neno moja," nikamwambia, "mimi na wewe mpaka kaburini."

"Kwa hiyo ni heri wakuchukie?"

"Heri wanichukie kuliko wanicheke."

Nilisubiri aniseme. Nilimwombea aniseme, anitukane, aniite mchawi, ili niwe na kitu cha kushika. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri. "Sawa, mama," akasema. "Ulijua."

Sasa ni mwaka wa pili. Yeye anakaa kwenye kale kachumba, amepanda migomba mitatu nyuma na inastawi, ya kwangu ikiiona itaona haya. Mimi Jumamosi naenda kumenya kama wengine, Mchungaji aliniruhusu baada ya Pasaka. Mzee Kahigi amerudi kula, lakini zamu yangu ya kupakua ikifika anahamia foleni nyingine, hata kama ni ndefu, hata kama mvua inanyesha. Wengine wamesahau, yeye hapana. Kokushubila angetamka sentensi moja tu, yule mzee angerudi kwenye foleni yangu siku hiyohiyo.

Nimemchokoza aseme. Nimemwambia maharage yake ni mabichi, na si mabichi. Nimemwambia mbele za watu kwamba chumba alikipata kwa bahati. Nilitaka siku moja akasirike, amropokee hata Asha, "Huyu mama hata embile haijui," ili nami nipate kusema mmeona, huyo ndiye mtakatifu wenu. Asha nimempeleleza, hajui kitu. Mchungaji hajui kitu. Rutashobya, nalala naye kitanda kimoja, hajui mpaka leo.

Kwa kupika alinipita. Kwa watu alinipita. Nikajiambia angalau kwa ukaidi hakuna wa kuniweza, nitanyamaza na hii siri mpaka nife. Na mnaona wenyewe, mimi ndiye niliyeisema. Hata kunyamaza kanishinda.